Shairi la Byron kumcheka George III: mbona mwisho mfalme anaingia mbinguni?

kalamu_butu:
Wakuu habari zenu. Nimesoma The Vision of Judgment (1822), shairi la Mwingereza Byron la kumkejeli mfalme wao George III, nimecheka sana, Petro kakaa mlangoni mwa mbinguni funguo zimeshika kutu, anaambiwa George wa Tatu kafa anauliza George gani, wa tatu yupi? Ila mwisho mfalme anaingia mbinguni kiulaini. Si ndo kashasamehewa? Kejeli iko wapi sasa?

mwana_tenzi:
Mkuu we angalia anaingiaje. Shetani na Malaika Mikaeli wanamgombania, mashahidi wameitwa, hukumu bado, ghafla vurugu, watu wanatawanyika na mzee wa watu anajipenyeza mlangoni. Hajashinda kesi yule, kazamia! Na sifa alizopewa mwanzoni umeziona? Mkulima bora hajawahi kutokea, na mfalme mbovu kuliko wote. Bora angetukanwa tu 😂

Bi Kidevu:
Na hiyo vurugu kaileta nani? Southey, mshairi rasmi wa ufalme, chawa haswa, ambaye 1821 alitunga shairi lake akampeleka huyohuyo mfalme mbinguni kwa heshima zote. Byron kamjibu kwa kumleta mahakamani asome mashairi yake, malaika wanaziba masikio, mashetani wanakimbilia motoni wakilia, na alipofika mstari wa tano Petro kamlima na funguo akadondoka ziwani. Mfalme kapona, chawa kapigwa.

kalamu_butu:
Hahaha sawa, lakini mzee alikuwa kipofu na akili zimeshamruka, tangu 1811 nchi anaiendesha mwanawe. Kumcheka mgonjwa mi naona kama uonevu.

mwana_tenzi:
Hachekwi kwa ugonjwa ndugu yangu, Shetani anamsomea mashtaka ya kupinga uhuru wa watu, Marekani na Ufaransa zimo. Tena Petro yuko kimya tu mpaka anasikia mfalme aliwanyima Wakatoliki haki zao, hapo anawaka, anaapa bora alaaniwe yeye kuliko huyu apite. Yaani mpaka mlinda mlango wa mbinguni anakumbuka haki pale inapowagusa wa kwake, mi hapo ndo nilicheka zaidi.

Bi Kidevu:
Wakubwa wa Uingereza hawakucheka lakini. Byron alikuwa zake nje ya Uingereza, aliyeburuzwa kortini ni mchapishaji wa shairi hilo, John Hunt, 1824 akalambwa faini ya pauni 100.