Mrejesho: spika za nyuma za Fielder

Habari zenu wadau. Nilikuwa nimeuliza kama spika za nyuma za gari langu, Toyota Fielder, ziwe za inchi 6x9 ndani ya boksi kwenye buti, au za inchi 6.5 milangoni. Nimechukua za milangoni. Buti nalihitaji kwa mizigo, na boksi likikaa wazi Nairobi hii ni kuwaita wezi.

Nilizipata barabara ya Luthuli, za omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme), twita, yaani kispika cha sauti za juu, ikiwa katikati ya koni. Muuzaji alisifia wati 300 zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye katoni. Mimi nikatafuta RMS, yaani wati ambazo spika inahimili mfululizo, maana redio bila amplifaya hutoa kama wati 20 tu kwa kila spika. Nikachagua zenye usikivu wa desibeli 91 (kipimo cha ukubwa wa sauti), zinasukumika kwa nguvu kidogo.

Fundi alichonga ringi za mbao, akaziba matundu ya mlango. Hapo ndipo besi ilipotokea! Ila mwanzoni spika moja ilikuwa imefungwa chanya kwa hasi, sauti ikawa nyembamba. Waya zilipogeuzwa, ikajaa.

Kwenye redio nimesogeza sauti mbele, za nyuma zinasindikiza tu. Sabufa itangoja mshahara.