Mzee kalazwa na kiharusi ngozi ikiwa nzima, siku 11 baadaye ana shimo mgongoni na faili halisemi chochote!!

Wakuu, mods naomba msiuunganishe huu uzi. Mzee wangu alipigwa kiharusi kule Kongwa, upande wote wa kulia ukafa, tukamkimbiza hospitali moja hapa Dodoma mjini, jina naliacha. Siku anaingia wodini hakuwa hata na mchubuko. Leo hapo juu ya makalio, mgongo unapoishia, ana shimo ambalo gozi (kile kitambaa cha kufungia kidonda) iliyokunjwa inazama yote.

Na mtu asiniambie vidonda vya kulalia ni kawaida ya wagonjwa wa kiharusi. Mtu hawezi kujigeuza, upande mmoja hausikii vizuri, anajikojolea, anakula uji vijiko vitatu basi, halafu kalazwa kwenye godoro lililovikwa mpira na hili joto, huyo si anajulikana siku ya kwanza kwamba ataoza? Manesi wana kipimo cha hatari ya vidonda hivi kinaitwa Braden, vipengele sita, maksi za juu 23, ukipata 18 kushuka uko hatarini. Jana tulitumwa na faili kupeleka vipimo nikalisoma lote: presha ipo, joto lipo, sukari ipo, ngozi hamna hata mstari.

Kinachoniuma zaidi ni siku ya nne. Mama anambadilisha pampasi akapapasa pale akasema mbona pana moto halafu pamekuwa pagumu, na mzee akakunja uso. Tukaita nesi, akaja akasimama miguuni mwa kitanda akamulika na simu, "mbona hamna wekundu mama, huo ni weusi wa kulala tu". Wekundu! Kwa mzee wa Kigogo aliyechunga juani maisha yake yote! Ngozi yetu haikupi wekundu wa kwenye picha za vitabu, inazidi weusi au inaingia zambarau, inapata joto kuliko pembeni yake, inakuwa ngumu au inabonyea, ndo maana unatakiwa uguse. Mama hajasoma unesi, kiganja chake kilimwambia. Siku ya saba ngozi ikabanduka na shuka.

Najua wamezidiwa, manesi wawili usiku wodi imejaa mpaka chini, na kuna sista mmoja wa shifti ya usiku alikuwa anakuja kumgeuza bila kuitwa, Mungu ambariki. Ila mgonjwa wa hivi anageuzwa kila masaa mawili hivi, na sisi ndugu muda wa kuona wagonjwa ukiisha mlinzi anatutoa, sasa nani amgeuze?? Wangetufundisha basi! Kumlaza ubavu kidogo na mto nyuma ya mgongo, mwingine chini ya miguu visigino vielee, ni dakika tano. Badala yake tukaambiwa tutengeneze kata ya khanga akalie na tumsugue mafuta. Tukasugua kweli, kila jioni, kumbe kusugua pale ndo unazidi kuichana nyama ya ndani na kata inabana damu isifike. Mama akikumbuka hilo analia.

Sasa gozi, glovu, maji ya drip ya kusafishia, kila siku tunanunua wenyewe nje.

Kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni kwa mganga mfawidhi. Nataka afungue lile faili mbele ya mama amwonyeshe ni ukurasa gani walioangalia mgongo wa mume wake.