Mnaotuuzia anime zilizokatwa nyimbo za mwanzo, mnatuibia mchana kweupe

Wakuu, salaam.

Hasira hii ninayo tangu juzi usiku. Nyumbani wameshachoka kunisikiliza, kwa hiyo naileta hapa kwa watu wanaojua anime, katuni za Kijapani, ni nini.

Mdogo wangu amefunga shule. Likizo hii nilimwahidi tutatazama wote JoJo's Bizarre Adventure tangu mwanzo, episodi mbili kila jioni baada ya kula. Nyingi nilikuwa nazo kwenye diski yangu ya zamani. Tulipofika Stardust Crusaders, ile sehemu ya tatu yenye episodi 48, diski ikawa imeishia ya 42. Bando la kupakua sita zilizobaki sikuwa nalo, nikaenda maktaba moja ya muvi karibu na kituo cha daladala, nikalipa, nikajaziwa flashi.

Kwa ambao hamjaitazama, rukeni aya hii, maana nitaharibu utamu. Nusu ya pili ya Stardust Crusaders ina wimbo wa mwanzo unaoitwa "JoJo Sono Chi no Kioku, end of THE WORLD". Wameuimba waimbaji watatu kwa pamoja, wale wale walioimba nyimbo tatu za mwanzo zilizotangulia, kila mmoja wake. Unausikia kila siku hadi unaukariri, picha zake unazijua moja moja. Halafu, kwenye episodi za mwisho kabisa, ukiwa umeshazoea, DIO, adui mkuu, anausimamisha. Uwezo wake ni kusimamisha muda, na anausimamisha ndani ya wimbo wenyewe! Muziki unakatika, picha inaganda, kila kitu kimekufa isipokuwa yeye. Mara ya kwanza kuona nilishika kichwa. Niliogopa kweli, kwa sababu hata mahali nilipodhani pako salama, pale kwenye wimbo, adui alikuwa ameingia.

Sasa mdogo wangu tangu wiki ya kwanza alikuwa anataka kuupeleka mbele. Nikamkatalia kila siku. Nilimwambia, "Vumilia, kuna sababu, utakuja kunishukuru." Akavumilia kwa heshima tu. Juzi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nikazima taa, nikaongeza sauti, nikabonyeza. Ikaanza moja kwa moja kwenye pambano. Hakuna wimbo. Nikajaribu inayofuata, hakuna. Nikazikagua zote sita, zimekatwa mwanzo na zimekatwa mwisho. Dogo akanitazama akaniuliza, "Kaka, ndiyo hiyo sababu yenyewe?" Sikuwa na jibu.

Jana asubuhi nikarudi dukani. Kijana wa pale akaniambia, na namnukuu neno kwa neno: "Kaka, hizo nyimbo tunazikata zote, zinajaza nafasi bure. Kwani wewe unaangalia nyimbo au unaangalia katuni?"

Nafasi ipi? Flashi yangu ni ya GB 32, na alinirudishia ikiwa zaidi ya nusu tupu. Tupige hesabu. Episodi ya anime ya televisheni huwa kama dakika 24. Wimbo wa mwanzo unachukua dakika moja na nusu, wa mwisho dakika moja na nusu. Ukikata vyote viwili umeniondolea dakika tatu, yaani sehemu moja kati ya nane ya kitu nilichokilipia. Kwa mfululizo wa episodi 26 hizo ni dakika 78. Muuza unga akinipunguzia sehemu moja ya nane kwenye kilo nitapiga kelele sokoni na kila mtu ataniunga mkono. Kwenye anime nikilalamika naambiwa nimekosa kazi ya kufanya.

Na bei haikupunguzwa hata shilingi.

Lakini pesa si kitu kinachoniuma zaidi. Kinachoniuma ni hiyo fikra kwamba wimbo wa mwanzo ni ganda la kumenya na kutupa. Sisi watu wa Kiswahili tunafikaje huko? Bibi hakuanza hadithi bila "Paukwa!" nasi tukaitikia "Pakawa!" Asiyeitikia hakusimuliwa. Nenda Zanzibar kwenye taarab ya asili: wanaanza na bashrafu, ala tupu, fidla na kanuni na udi vinatafutana taratibu, hakuna anayeimba. Sijawahi kumsikia mtu akiinuka ukumbini kuwaambia waruke hiyo waende kwenye maneno. Wote wanajua pale ndipo masikio yanapofunguliwa. Wimbo wa mwanzo wa anime unafanya kazi hiyo hiyo kwa sekunde 90.

Na sekunde 90 ni chache mno, ndiyo maana nawaheshimu wanaozitengeneza. Wimbo kamili unaweza kuwa dakika nne, lakini wa televisheni lazima uwe na utangulizi, ubeti, daraja la kuvukia kwenye kiitikio, na kiitikio chenyewe, jina la anime litokee mahali pake, kisha umalizike bila kuonekana umekatwa panga. Chukua "Tank!" ya Cowboy Bebop, 1998. Yoko Kanno na bendi yake Seatbelts wamepiga jazi ya tarumbeta kali na besi inayokimbia, saksofoni ya Masato Honda inapasua katikati, na hakuna kuimba kwa maana tuliyoizoea, kuna sauti ya mwanamume inayohesabu na kuongea tu. Kwenye picha ni vivuli, sigara, bastola na rangi bapa. Hujaambiwa lolote kuhusu Spike, mhusika mkuu, wala chombo chake cha angani, ila ukimaliza unajua hawa ni watu wa namna gani: wamechoka, wana deni, na wanajua kupigana. Ukiikata, episodi inaanza na mtu kakaa tu ndani ya chombo, nawe huna habari kwa nini umjali.

Au "Zankoku na Tenshi no Teeze" ya Neon Genesis Evangelion, 1995. Yoko Takahashi anaanza polepole, sauti karibu peke yake, kisha ngoma zinaingia na hakuna kupumua tena. Picha zinapita kwa kasi kuliko jicho linavyoweza kushika, maandishi, michoro, nyuso, mabawa. Ukiirudia baada ya kumaliza mfululizo unagundua mengi ya yaliyokuja kukuvunja moyo yalikuwa pale tangu siku ya kwanza, yalikuwa yanapita tu mbele yako. Miaka 30 sasa, na Wajapani bado wanauimba kwenye karaoke, hata ambao hawakuwa wamezaliwa.

Kisha kuna Puella Magi Madoka Magica ya 2011. Huu wimbo ndio ninaoutetea kuliko yote, na kama umewahi kuukata nakuomba usome mara mbili. Unaitwa "Connect", wameimba ClariS, wasichana wawili ambao wakati huo walikuwa bado wanafunzi na walikuwa hawaonyeshi nyuso zao. Ukiusikia mwanzoni unadhani ni wimbo mtamu wa katuni ya wasichana wenye sare za rangi: kuna ahadi, kuna kutokata tamaa, kuna paka. Unautazama episodi tisa huku hadithi ikizidi kuwa nyeusi na wimbo ukiendelea kuchekelea, hadi unaanza kuuona unakuudhi. Episodi ya 10 hawaupigi mwanzoni. Wanakupa hadithi kwanza, wimbo wanauleta mwishoni. Na ukishaipata hadithi ile unajua nani alikuwa anaimba, alikuwa anamwimbia nani, na ahadi ilikuwa ipi. Maneno ni yale yale. Niliyasikia kwa mara ya kwanza siku hiyo, nikalia kama mtoto, na nilikuwa na miaka 22. Aliyekata nyimbo kwenye mfululizo huo amekata hadithi yenyewe.

Mnasema hao ni wachache? Basi Diamond is Unbreakable, sehemu ya nne ya JoJo. Adui anapata uwezo wa kurudisha muda nyuma, na wimbo wa mwanzo "Great Days" nao unarudi kinyumenyume. One Piece walipofika episodi ya 1000, Novemba 2021, walirudisha "We Are!" ya Hiroshi Kitadani, wimbo ule ule walioanza nao 1999, wakachora upya picha za ufunguzi wa kwanza zikiwa na wote waliojiunga njiani. Miaka 22 imekusanywa ndani ya wimbo mmoja. Nina rafiki anafuatilia One Piece kwa nakala za kukatwa tangu akiwa darasa la saba; nilipomwonyesha ufunguzi ule hakuelewa kwa nini natetemeka. Alikuwa hajawahi kuusikia ule wa zamani.

Wengine mtaniambia ni nyimbo za watoto. Kila tarehe 31 Desemba NHK, shirika la utangazaji la Japani, wanarusha Kohaku Uta Gassen, onyesho la muziki ambalo Japani wanalo tangu 1951, mahali ambapo msanii akialikwa familia yake inasherehekea. Mwaka 2013 Linked Horizon walipanda pale na "Guren no Yumiya" ya Attack on Titan, ule unaoanza kwa Kijerumani na kwaya kana kwamba jeshi linapita barabarani. 2019 alipanda LiSA na "Gurenge" ya Demon Slayer. 2023 YOASOBI wakapiga "Idol" ya Oshi no Ko, na mwaka huo huo wimbo huo ulikuwa wa kwanza wa Kijapani kushika namba moja kwenye chati ya Billboard ya dunia nje ya Marekani. Hizo ndizo nyimbo ambazo kijana wa maktaba anasema zinajaza nafasi.

Najua pia kuna biashara ndani yake. Kampuni za kurekodi muziki huingia kwenye kamati zinazogharimia anime, na wimbo unawekwa pale ili uuzwe. Sawa. Kanga nayo ni biashara, hatujawahi kukata jina lake tukavaa nguo tupu.

Na si wauza flashi peke yao. Wale wanaotafsiri kwa sauti juu ya filamu, ambao kazi yao naiheshimu kwa sababu imewafikishia wengi hadithi ambazo wasingezielewa, wengi wao wakifika kwenye wimbo ndipo wanapotangaza namba ya simu ya duka na kusalimia washikaji. Anaimba mtu kwa koo lake lote, juu yake kuna tangazo. Tafsirini maneno ya wimbo! Fikiria mtu wa Mbagala ambaye hajui Kijapani wala Kiingereza angesikia "Blue Bird" ya Naruto Shippuden, ile ya Ikimono-gakari, na chini yake mtu anamwambia kwa Kiswahili safi kwamba ni ndege aliyesema akipaa hatarudi, analitamani lile anga la buluu. Angejua ni habari ya Sasuke, yule rafiki wa Naruto aliyeondoka kijijini kwao, hata kabla hajaonekana.

Kisha kitufe cha kuruka utangulizi. Netflix wenyewe walisema mwaka 2022 kwamba kwa siku moja kitufe hicho hubonyezwa mara milioni 136. Mimi siwezi kumzuia mtu kubonyeza akiwa kwake na simu yake. Ila kitufe kinakuachia uamuzi. Ukiamua leo kuutazama, upo. Mwenye maktaba hakuniachia uamuzi wowote, ameamua kwa niaba yangu, tena kimya kimya, nikagundua nimeshafika nyumbani na taa nimeshazima.

Kwa hiyo naomba mambo mawili hapa. Wenye maktaba mliomo humu, na najua mpo: mkikata, andikeni kwenye orodha kwamba hii imekatwa, ili anayetaka kamili aende kwingine. Wengine tutalipa zaidi kwa ambayo haijaguswa, mimi wa kwanza.

La pili ni kwa wadau. Mwenye Stardust Crusaders episodi ya 43 hadi 48 ikiwa kamili, wimbo wa mwanzo na wa mwisho vyote vipo, anitumie ujumbe wa faragha. Nipo Dar, nitakufuata ulipo na diski yangu mwenyewe, iwe Bunju au Kigamboni. Dogo anarudi shule Jumapili. Nimemwambia tusitazame mwisho mpaka nizipate, na amekubali kusubiri.