Slabu ya juu inavuja, wenye fleti tuko nane: tuzibe au tupaue bati?

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa ujenzi.

Nina fleti ghorofa ya juu kabisa kwenye jengo la zamani Upanga, Dar es Salaam. Juu yangu ni slabu ya zege tu, hakuna bati. Tangu masika yaliyopita dari ya chumba cha watoto inachuruzika. Juzi plasta imebanduka kipande cha ukubwa wa sinia, nikaona nondo zimeliwa na kutu. Watoto nimewahamishia sebuleni, maana naogopa kipande kingine kisije kikawaangukia usiku.

Fundi wa kwanza alipaka rangi ya kuzuia maji, haikumaliza miezi mitatu. Nilipopanda mwenyewe nikakuta maji yamesimama pembeni ya matangi, mdomo wa bomba la kutolea maji umezibwa na majani na mchanga. Fundi wa pili anataka abandue sakafu yote, aweke mteremko upya, kisha mkeka wa lami wa kuchoma kwa gesi. Wa tatu anasema tupaue bati tumalizane. Je, slabu yenye nondo za namna hii itabeba mbao na bati bila mhandisi kuikagua kwanza?

La pili, majirani wa chini wanasema shida ni yangu. Mimi nijuavyo, kwa sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, paa ni mali yetu sote. Aliyewahi kuwachangisha wenzake, alianzaje?