Kampuni iliyohonga kwenye mradi mkubwa: ishtakiwe, au ilipe faini iendelee na kazi?

MTOA MADA
Wakuu, rushwa ya mradi mkubwa ikifumuka, macho yote humwelekea aliyepokea: pingu zake, nyumba zake, magari yake. Aliyempa je? Kalipa faini huko kwao, baada ya miezi michache unamkuta kwenye zabuni nyingine. Msimamo wangu: mtoaji apandishwe kizimbani, tena katika nchi alikohonga.

Najua mtaniambia nchi ndogo haiwezi. Haya, twendeni Lesotho, kwenye Mradi wa Maji wa Nyanda za Juu, wenye bwawa la Katse la mita 185. Masupha Sole aliongoza mamlaka ya mradi tangu 1986 hadi alipoondolewa katikati ya miaka ya tisini. Mamlaka ikamfungulia kesi ya madai tu, kutaka kufidiwa hasara. Katika kufukua hesabu zake, zikaibuka akaunti za Uswisi. Lesotho ikaomba kumbukumbu za benki, zikapingwa mahakamani hukohuko Uswisi, lakini mwisho zikatolewa. Mei 2002 Sole akatiwa hatiani, na Juni akapewa miaka 18 jela. Rufaa ikaishusha hadi 15. Septemba ikafuata kampuni ya ushauri wa kihandisi ya Acres kutoka Kanada, baadaye ikapigwa faini ya zaidi ya maloti (fedha ya Lesotho) milioni 22, nayo rufaa ikaipunguza. Mwaka 2003 ikawa zamu ya kampuni ya Lahmeyer ya Ujerumani kutiwa hatiani. Nchi ya watu kama milioni mbili ndiyo iliyofanya hayo.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, Lesotho walipata akaunti. Wengi hawapati. Halafu hata ukizipata, hukuti mahali kampuni imeandika "hongo ya mkurugenzi". Unakuta "ada ya uwakilishi", imelipwa kwa wakala, kwa mkataba uliosainiwa vizuri kabisa. Wakala naye anasema fedha alizompa ofisa ni biashara yao binafsi. Thibitisha hapo pasipo shaka.

MTOA MADA
Ndicho hasa Acres walichojitetea nacho: tulimlipa wakala, alikozipeleka hatujui. Mahakama ikatazama mambo ya kawaida tu. Wakala huyu alifanya kazi gani inayolingana na malipo? Kwa nini alipwe Uswisi? Mbona kila akipokea, baada ya muda sehemu ya fedha inatua kwa Sole? Sole mwenyewe hakutoa ushahidi wa kujitetea, kwa hiyo hakukuwa na maelezo mengine ya kupima.

Na kuna jambo la kisheria ambalo watu hulipita harakaharaka. Upande wa mashtaka haukulazimika kuonyesha Sole aliipendelea Acres katika uamuzi gani. Kosa linakamilika pale mnapokubaliana kupeana. Ungelazimika kuthibitisha kwamba zabuni ile isingekwenda kwao bila hongo, kesi hizi zisingeisha hadi leo.

MHANDISI
Niwatoe mahakamani kidogo. Nimekaa saiti miaka mingi. Mnavyoongea utadhani rushwa inaishia kwenye zabuni. Mkandarasi anashinda kwa bei ya chini, halafu anarudisha fedha yake kwenye nyongeza za kazi: mwamba umekuwa mgumu kuliko ilivyodhaniwa, michoro imebadilika, mitambo imesimama ikisubiri maelekezo. Nyingi ni za kweli! Hapo ndipo sahihi ya mtu mmoja inapopata bei, na mwanasheria asiyejua vipimo vya kazi hataona kitu.

Pili, ukimshtaki mkandarasi handaki likiwa nusu, nani atalimaliza? Atakayekuja atataka kupima upya kila kitu, na hatabeba dhamana ya kazi ya mwenzake. Gharama ni ya mwananchi. Mimi nasema alipe, asimamiwe, amalize.

MCHANGIAJI WA TATU
Naungana na mhandisi, ila kwa sababu nyingine. Kampuni ya ujenzi ya Odebrecht ya Brazil ilikuwa na idara nzima ya kulipa hongo. Desemba 2016 ilimalizana na Marekani, Brazil na Uswisi, ikakiri karibu dola milioni 788 katika nchi 12. Mtoa mada utaita hiyo kumalizana mezani. Sawa. Lakini bila meza hiyo, Peru ingempataje rais wake wa zamani, Alejandro Toledo? Oktoba 2024 alihukumiwa miaka 20 na miezi 6 kwa hongo ya barabara ya kuunganisha bahari mbili, na ushahidi wa watu wa kampuni ndio uliombana. Mtoaji ukimwahidi gereza, atanyamaza, na mpokeaji atalala usingizi.

MTOA MADA
Hapo umenibana. Nalegeza: makubaliano yawepo, lakini kampuni ikiri mbele ya mahakama ya nchi iliyoumizwa, itaje majina, na fedha zirudi huko. Kampuni ya Schneider ya Ufaransa ilikiri kosa Lesotho mwaka 2004, katika mradi huohuo wa maji, kwa hiyo inawezekana. Na ushahidi wa mezani una udhaifu wake: Septemba 2023 jaji Dias Toffoli wa Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Brazil aliubatilisha ule uliotokana na makubaliano ya Odebrecht, na kesi kadhaa zikaporomoka.

Mhandisi, kwenye handaki una haki. Kampuni ishtakiwe kazi ikiendelea, ila isiguse zabuni mpya.

MHANDISI
Isiguse kwa jina lipi? Benki ya Dunia iliifungia Acres miaka mitatu mwaka 2004. Mwaka huohuo Acres ikanunuliwa na kampuni nyingine. Wahandisi walewale, kadi mpya.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Na huyo Sole wenu mnayejivunia kumfunga? Mwaka 2011, alipokwisha kutoka gerezani, serikali ilimrudisha kuwa mshauri katika tume ya mradi uleule wa maji. Watu walipiga kelele sana.

MTOA MADA
Hilo la 2011 sina jibu nalo.