Mbao za paa la zamani: kompyuta ichague ipi ikatwe wapi?

FundiKondele
Wadau, kuna mbao 146 za saiprasi, 4x2, zilizong'olewa paa la zamani hapa Kisumu, futi 4 hadi 14. Zinatakiwa kenchi (fremu za pembetatu za kubeba paa) 9 za upana wa mita 5.4, mteremko digrii 25. Kila kenchi ni rafta (mbao za mteremko) mbili za mm 3450, tai bimu (mbao ya chini ya mlalo) ya kuunga vipande viwili, nguzo ya kati mm 1260 na strati (mikono ya mshazari) mbili: vipande 63 kwa jumla. Programu gani itaoanisha mbao na vipande bila kumaliza zile ndefu? Na roboti ya kukata itaziweza zikiwa na misumari?

MbaoNakuru
Anza na orodha yenyewe. Urefu unaoandikwa ni wa sehemu nzima isiyooza tu. Chokoa kwa bisibisi kando ya kila tundu la msumari; palipo peusi na bisibisi ikazama, kata hapo. Ncha zilizokalia ukuta ndizo huoza mapema. Pima kwa milimita, ukumbuke msumeno hula kama 3 kila mkato. Futi 4 ni mm 1219, kwa hiyo haitoi hata nguzo ya kati! Pima kimo pia: 4x2 moja ina mm 96, nyingine 101, na usipozipanga kwa kimo mabati yatapiga mawimbi. Namba iandikwe ncha zote mbili, maana moja itakatwa.

Kodi_na_Randa
Kuoanisha kuna njia ya hesabu iitwayo ya Kihangari, aliyoichapisha Harold Kuhn mwaka 1955. Kwenye lugha ya programu ya Python, kazi hiyohiyo inafanywa na `linear_sum_assignment` ya maktaba ya SciPy. Unaipa jedwali: safu mlalo ni vipande, safu wima ni mbao, kila kisanduku ni urefu utakaobaki kipande hicho kikikatwa kwenye mbao hiyo. Mbao isiyofika ipe 1000000. Jibu likiwa na namba hiyo, mbao hazitoshi.

Ila njia hii inajua mbao moja kwa kipande kimoja tu. Fanya raundi mbili: kwanza rafta na tai bimu, kisha rudisha mabaki kwenye orodha utafute nguzo na strati. Raundi ya kwanza, mabaki ya kuanzia mm 1263 yahesabu kidogo kwa kuwa yanatoa nguzo ya kati. Ya mm 400 yahesabu yote, hayo ni kuni.

FundiKondele
Asante sana. Tai bimu nigawe 2700 kwa 2700?

Kodi_na_Randa
Usiigawe sawasawa kwa lazima. Kabla ya kuoanisha, acha programu itafute jozi yoyote inayofika 5400, hata 3600 na 1800. Kiungo hicho kinavutwa, kwa hiyo mbao za kubana pande zote mbili na idadi ya misumari azipige hesabu mhandisi.

MbaoNakuru
Kuhusu roboti: mkono wa roboti hukata pale ulipoambiwa mbao ipo. Mbao iliyopinda mm 20 katikati, mkato unaweza kukosea hadi mm 20, hivyo lazima iskaniwe kwanza. Huko Hooke Park, Uingereza, mapanda ya miti yaliskaniwa ndipo roboti ikachonga viungo. Msumari mmoja uliobaki ndani huvunja biti, kwa hiyo pitisha kigundua chuma pande zote nne. Kwa vipande 63 tu, msumeno wa kukatia pembe wenye kizuizi cha urefu na orodha iliyochapishwa vinatosha.