Mtu akizima JavaScript, tovuti ifunguke ama isifunguke?

WaZimma: Wasee, naomba maoni yenu. Simu yangu ni ya zamani, ram gigi moja, kwa hivyo brauza nimeiweka isikubali skripti, yaani JavaScript, zile programu ndogo tovuti inatuma ziendeshwe ndani ya simu yako, na bando pia inakaa. Jana nikiwa kwa mat pale Roysambu nikafungua tovuti ya ofisi moja ya umma nione kama jina la mdogo wangu limetoka kwa orodha ya basari. Ukurasa mweupe pe! Hata kuniambia niwashe JavaScript hawajaniambia. Nikawasha mwenyewe. Kaduara kakaanza kuzunguka, kakazunguka mpaka Allsops, simu imekuwa moto mkononi na bado sijaona kitu. Ni orodha ya majina, jamani, majina na namba! Mimi nasema kitu cha kusomwa kisomeke bila skripti. Nyinyi mnaonaje?

koda254: Pole kwa hiyo ya basari dada, lakini ukweli usemwe. Siku hizi nani anazima JavaScript? Hii kazi nimeifanya miaka nane, mteja anataka ramani, anataka malipo ya M-Pesa yaonekane yameingia bila mtu kufungua ukurasa upya, anataka kila kitu na bei anakukaba. Sasa nijenge tovuti mara mbili kwa sababu ya watu wachache? Serikali ya Uingereza walishapima hii maneno kitambo, waliozima hawafiki hata asilimia moja. Mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vibonye, USSD iko, zile menyu za kupiga nyota na reli, atumie hiyo.

Jedwali_Tu: Hiyo hesabu umeileta nusu. Ilikuwa 2013, ile timu yao ya huduma za kidijitali. Wageni waliokosa JavaScript walikuwa asilimia 1.1. Waliozima, ama brauza zao hazina kabisa, ni 0.2. Hao wengine 0.9 brauza zao ziko sawa, skripti ndio haikuwafikia ama ilikwama njiani, network imekatika katikati, ama ofisi yao imeziba. Huyu dada hata alipowasha ameona nini? Seva, kompyuta inayoweka tovuti, itume orodha kwa HTML, yaani ukurasa wa kawaida wa maandishi, halafu ukitaka kisanduku cha kutafuta jina kiweke juu yake na skripti yako. Hapo umejenga mara mbili wapi? Fomu ya kawaida ilikuwa inajituma yenyewe kabla hata JavaScript haijazaliwa 1995.

MtotoWaKabambe: @koda254 ati mwenye kabambe USSD iko? Mamangu yuko Mwingi na kabambe, betri imefungwa na raba, na hiyo simu ndio imenitumia karo fomu one mpaka fomu four. Sasa yeye akitaka kusoma kitu aambiwe mlango wake uko nyuma?

koda254: Sijamtaja mama ya mtu hapa. Nimesema USSD iko na ni kweli. M-Pesa tangu 2007 inaenda kwa kabambe na hakuna skripti hata moja, hiyo ni sifa nimeipa kabambe.

Laini_Mbili: Hapana, ya 2007 haikuwa USSD. Ilikuwa menyu imewekwa ndani ya laini yenyewe, ndio maana watu walienda kubadilisha laini. *334# imekuja baadaye. Tusichanganye hizo mbili.

koda254: Sawa, menyu ya laini. Maana yangu si ni ile ile?

MtotoWaKabambe: Si ile ile. Unaongea kuhusu vitu hujawahi kutumia.

SaibaUmoja: Mniruhusu mimi niko chini kabisa na hawa watu. Mimi niko na saiba, na mwisho wa Juni watu wakijaza ritani za ushuru foleni yangu inatoka nje mpaka kwa mama mboga na wengi wanakuja na simu nzuri tu, si kabambe. Mtu amejaza fomu yote, akifika kwa batani ya kutuma anabonyeza na hakuna kinachotendeka, anabonyeza tena, page inarudi mwanzo na kila kitu kimepotea. Jumamosi mama mmoja amejaza mara tatu kwa simu akiwa amesimama hapo mlangoni kwangu, ya nne ndio akaketi akaniambia kijana nisaidie.

MtotoWaKabambe: Na ukamlipisha.

SaibaUmoja: Nikamlipisha, ndio. Stima nalipa, rent nalipa, karatasi nanunua. Kwani nani amekwambia saiba ni kanisa? Kosa ni la huyo aliyejenga fomu na wewe umeniona mimi.

Mzee_Fimbo: Vijana, mimi sioni, natumia programu ya kunisomea skrini. Kila mara mjadala kama huu ukianza mtu anasema tovuti zifanye kazi bila JavaScript kwa sababu ya vipofu, na kabla mtu hajasema hapa wacha nimtangulie. Mwongozo wa kwanza wa WCAG, zile kanuni za kimataifa za tovuti kutumika na watu wenye ulemavu, wa 1999 ndio ulidai hivyo. Ule wa 2008 haudai tena. WebAIM, shirika linalofuatilia mambo hayo, waliuliza watumiaji wa hizi programu za kusoma skrini mwaka wa 2012 na asilimia 98.6 walikuwa na JavaScript. Mimi pia sijaizima. Kinachoniumiza ni batani ambazo si batani, mtu amechora tu kiboksi akakipaka rangi, programu yangu inapita hapo kimya na mimi najua kuna mahali pa kubonyeza lakini sipaoni. Mkitaka kutetea simu za zamani teteeni, iko na haki yake, lakini msitufanye ngao.

Jedwali_Tu: Asante mzee, nimesikia. Na hicho kiboksi ndio hicho hicho kinamkwamisha yule mama wa Umoja, skripti isipofika hakina kazi nyingine.

WaZimma: Kwa hivyo orodha yangu?

koda254: Dada, nimeitafuta nikaifungua kwa kompyuta. Majina yote yako kwa faili moja ndogo, ni nyepesi kuliko nembo waliyoweka pale juu. Hayo mengine yote ni skripti ya kuyapanga kwa jedwali. Hiyo siwezi kuitetea, mtu angeweka jedwali akamaliza. Nimekutumia inbox. Lakini maneno ya mama ya mtu mimi sijasema.

MtotoWaKabambe: Umesema. Si iko hapo juu.